Damu imeganda kwenye vena: kufuatilia dalili mpaka kwenye kinga ya mwili

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye yeye au ndugu yake amevimba mguu, au ameshaambiwa ana donge la damu kwenye vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) na sasa anataka kujua limetoka wapi. Maelezo mengi huishia kwenye safari ndefu, upasuaji na kulala kitandani muda mrefu. Hizo ni sababu za kweli. Lakini wapo wengi ambao hawakusafiri wala kupasuliwa, na damu ikaganda vilevile. Kwa baadhi ya hao jibu limo kwenye inflamesheni, yaani ule mwitikio wa kinga ya mwili unaoleta joto, wekundu, uvimbe na maumivu, na ambao pia unaweza kuendelea ndani kwa ndani bila mtu kuona chochote kwenye ngozi. Asiyeitafuta inflamesheni hiyo atatibu donge la kwanza huku la pili likijiandaa.

Dalili zisizosubiri

Kukosa pumzi kwa ghafla, maumivu ya kifua yanayozidi ukivuta hewa, kukohoa damu, kuzimia, au moyo kwenda mbio bila sababu: hizi ni dalili za donge lililokatika mguuni likapanda hadi mapafuni. Hapa hakuna cha kusoma zaidi. Nenda idara ya dharura sasa hivi, hata kama mguu hauumi. Watu wengi wenye donge kwenye mapafu hawakuwahi kuhisi lolote mguuni.

Mguu wote ukivimba upesi hadi kwenye kinena, ukabadilika rangi kuwa wa bluu na kuuma kupita kiasi, nayo ni dharura, maana damu imeziba kiasi kwamba mguu wenyewe unaweza kufa.

Kinachotokea ndani ya vena

Ukielewa sehemu hii, dalili zote zinazofuata zitakueleweka.

Kwa jina la daktari Mjerumani Rudolf Virchow, wa karne ya 19, wanafunzi wa udaktari hufundishwa mambo matatu yanayogandisha damu: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Lililoongezeka katika miaka ya karibuni ni kujua kwamba kinga ya mwili inaingia katika yote matatu.

Vena za miguu zina vali zinazozuia damu kurudi chini. Nyuma ya kila vali kuna kifuko ambamo damu huzunguka taratibu, na mtu akikaa bila kusogeza miguu oksijeni hupungua humo. Seli za ukuta wa vena zikikosa oksijeni, au zikipokea ishara za kemikali kutoka mahali pengine penye inflamesheni (utumbo, viungo, mapafu), hutoa nje protini zilizokuwa zimehifadhiwa ndani yake. Mojawapo ni P-selektini, inayonasa seli nyeupe za damu. Nyingine ni faktari ya von Willebrand, inayonasa chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha. Ukuta haujachanika popote, ila sasa unanata.

Seli nyeupe za kwanza kufika ni nyutrofili na monosaiti. Monosaiti zilizochochewa huvaa faktari ya tishu, ambayo ndiyo swichi inayowasha mfumo mzima wa kugandisha damu. Nyutrofili zinafanya jambo la ajabu zaidi, lililoelezwa mwaka 2004 na watafiti wa Berlin: hutema DNA yao wenyewe nje, ikatanda kama wavu wa mvuvi, ili kunasa bakteria. Wavu huo ukitanda ndani ya vena hunasa chembe sahani na seli nyekundu pia, na juu yake faibrini, yaani nyuzi za protini zinazolifunga donge, hushikana. Mwaka 2012 majaribio kwa panya yalionyesha kwamba seli hizi zikishirikiana, donge huanza bila jeraha lolote kwenye ukuta, na kwamba kimeng'enya kinachokatakata DNA kiliwakinga panya hao.

Wakati huohuo ini, likiamshwa na kemikali kama IL-6, huzalisha faibrinojeni, malighafi ya faibrini, kwa wingi, na faktari VIII, protini nyingine ya kugandisha, nayo hupanda kwenye damu. Breki za asili hupungua nguvu, hasa mfumo wa protini C. Na kinachozuia madonge kuyeyushwa, PAI-1, huongezeka.

Hii si hitilafu tupu. Mwaka 2013 Bernd Engelmann na Steffen Massberg walieleza kwamba kuganda kwa damu ni sehemu ya ulinzi: mwili hufunga kijidudu mahali kilipo kisisambae. Tatizo ni pale ulinzi huo unapowaka mahali pasipo na adui, au unapokataa kuzimika.

Dalili: mguu mmoja umevimba na unauma

Anza kwa kupima. Shuka sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti, zungusha utepe kwenye shavu la mguu, kisha fanya hivyo mguu wa pili. Tofauti inayozidi sentimita 3 ina uzito. Madaktari huijumlisha na mambo mengine: saratani inayoendelea, kulala kitandani siku 3 au zaidi au upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12 zilizopita (haya mawili huhesabiwa kama moja), maumivu yanayofuata njia ya vena, uvimbe unaobaki na shimo ukibonyezwa, vena mpya zilizojitokeza juu ya ngozi, au kuwahi kupata donge zamani. Kila moja ni alama 1, na hukatwa alama 2 ikiwa kuna ugonjwa mwingine unaoeleza dalili hizo vizuri sawa na donge au zaidi. Jumla ikifika 2, donge linakuwa jambo la kushukiwa kwa dhati. Ile mbinu ya zamani ya kukunja unyayo kuelekea juu na kuuliza kama shavu la mguu linauma haiaminiki, iache.

Kinachochanganya zaidi ni maambukizi ya ngozi. Ngozi ikiwa nyekundu, moto, yenye mpaka unaoonekana, pamoja na homa na kidonda au ufa katikati ya vidole, maambukizi ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tegemea joto, ugumu na maumivu kuliko rangi. Lakini usidhani kimoja kinafuta kingine: maambukizi yenyewe ni inflamesheni, na yanaongeza uwezekano wa damu kuganda. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na antibiotiki isiposaidia ndani ya siku chache, mguu huo unastahili kuangaliwa upya.

Mwenye baridi yabisi ya goti anaweza kupasukiwa na mfuko wa maji ulio nyuma ya goti, maji yakashuka kwenye shavu la mguu na kufanana kabisa na donge la damu. Altrasaundi huvitenganisha.

Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, fikiria moyo, ini au figo kwanza. Mkojo ukiwa na povu lisiloisha, figo zinaweza kuwa zinavuja protini, na miongoni mwa protini zinazopotea ni antithrombini, breki muhimu ya damu. Kwa hiyo ugonjwa wa figo wa aina hii, ambao mara nyingi chanzo chake ni kinga ya mwili, huanza na uvimbe wa miguu yote na unaweza kuishia na donge la kweli, hata kwenye vena ya figo yenyewe.

Kipimo kinachoamua ni altrasaundi ya kubonyeza: vena yenye afya hubonyea ikafunga, yenye donge haibonyei. Ikionekana safi lakini shaka ni kubwa, irudiwe baada ya takribani wiki moja, kwa sababu donge dogo la chini ya goti linaweza kupanda.

Dalili: D-dimer iko juu, lakini altrasaundi haioni kitu

D-dimer ni mabaki ya faibrini iliyokatwakatwa. Kipimo hiki kikiwa chini kwa mtu mwenye shaka ndogo, donge linaweza kuondolewa kwenye hesabu. Kikiwa juu hakithibitishi chochote. Nimonia, lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), kifua kikuu, saratani, ujauzito, upasuaji na uzee tu hukipandisha, kwa sababu popote palipo na inflamesheni pana faibrini inayotengenezwa na kuvunjwa.

Kwa maabara zinazotumia kikomo cha 500, aliyezidi miaka 50 huweza kutumia umri wake mara 10: mtu wa miaka 74, kikomo ni 740. Hilo peke yake huwaokoa wazee wengi na vipimo vya mionzi visivyo vya lazima.

Naona mara nyingi watu wakianzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu ya namba hii peke yake, na linanisikitisha, maana dawa hizo zinaweza kumvujisha mtu damu. Namba iliyopanda inatakiwa kuleta swali, yaani mwili unapambana na nini. Homa? Kupungua uzito? Viungo kukakamaa asubuhi? Kuharisha damu?

Dalili: kamba ngumu, yenye maumivu, chini ya ngozi

Hii ni vena ya juu iliyoganda na kuvimba. Wengi huambiwa ni jambo dogo, wapake dawa na waende zao. Si dogo kila wakati. Ikiwa sehemu iliyoganda ina urefu wa sentimita 5 au zaidi, hutibiwa kwa dozi ndogo ya dawa ya kuzuia kuganda, kwa kawaida fondaparinuksi miligramu 2.5 kila siku kwa siku 45. Ikiwa imekaribia sentimita 3 kutoka pale vena ya juu inapoungana na ya ndani kwenye kinena, hutibiwa kama donge la ndani kabisa. Kwa hiyo altrasaundi inahitajika hata hapa.

Kamba ikitokea kwenye mkono uliokuwa na kanula (mrija wa kuingizia dawa mshipani), kanula ndiyo sababu, itolewe. Pakianza kutoka usaha au homa, ni maambukizi ndani ya mshipa. Ikihamahama, leo mguu wa kulia, mwezi ujao mkono, usiridhike na maelezo mepesi. Mwaka 1865 daktari Mfaransa Armand Trousseau aliihusisha hali hiyo na saratani iliyojificha, na uhusiano huo umethibitishwa tangu hapo. Ugonjwa wa Behçet, ambao ni inflamesheni ya mishipa ya damu, nao huja hivi, pamoja na vidonda vya mdomoni na sehemu za siri vinavyorudi mara kwa mara.

Donge limethibitishwa, lakini sababu haionekani

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka. Kabla ya kuandikiwa «sababu haijulikani», historia ya mwili mzima inahitaji kupitiwa, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayeijua.

Utumbo. Ugonjwa wa Crohn (inflamesheni sugu ya utumbo) na ule wa vidonda vya utumbo mpana huongeza hatari ya donge takribani mara mbili hadi tatu, na zaidi sana wakati ugonjwa umechachamaa. Wapo wanaopata donge kabla hawajajulikana kuwa na ugonjwa wa utumbo, kwa sababu waliona haya kutaja damu kwenye choo. Itaje.

Viungo na ngozi. Baridi yabisi na lupasi zote zinaongeza hatari. Kwa mwanamke kijana mwenye donge, vidonda vya mdomoni, nywele kukatika na vipele vya mashavuni vinavyozidi juani, lupasi ni lazima ifikiriwe.

Mimba zilizoharibika. Hili husahaulika kupita yote. Ipo hali inayoitwa sindromu ya antifosfolipidi, ambamo kinga ya mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protini zinazokaa juu ya mafuta ya kuta za seli. Kingamwili hizo huchochea ukuta wa mshipa, monosaiti na chembe sahani kwa pamoja. Kwenye maabara damu inaweza kuonekana kama inachelewa kuganda, ilhali mwilini inaganda kupita kiasi. Mwanamke aliyepoteza mimba kadhaa, au iliyofia tumboni ikiwa imekua, kisha akapata donge, anahitaji vipimo vitatu: lupus antikoagulanti, antikadiolipini na anti-beta-2-glikoprotini I. Vikitoka na kasoro lazima virudiwe baada ya angalau wiki 12, kwa sababu maambukizi ya kawaida huweza kuviamsha kwa muda.

Maambukizi. Nimonia, kifua kikuu, VVU na UVIKO-19 vyote vimehusishwa na madonge kwenye vena. Ugonjwa mkali ndani ya wiki chache zilizopita ni sababu halali, hata kama mgonjwa aliutibu nyumbani. Kuna hali moja adimu ya kuikumbuka: kijana aliyeumwa koo vikali, akaendelea kupata homa na baridi kali huku upande mmoja wa shingo ukivimba na kuuma. Bakteria wanaweza kuwa wamegandisha vena kubwa ya shingo na kurusha vipande mapafuni. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Saratani. Tafuta kwa akili: uchunguzi wa kawaida wa umri na jinsia yake, vipimo vya damu vya msingi, na kufuata dalili zilizopo. Kumpitisha kila mtu kwenye mashine za picha za mwili mzima hakujaonyesha kurefusha maisha.

Neno juu ya muda wa kupima hitilafu za kurithi za kuganda damu. Protini C, protini S na antithrombini huweza kushuka wakati donge ni bichi, na faktari VIII hupanda kwa inflamesheni yoyote. Dawa za kuzuia kuganda nazo huvuruga: heparini hushusha antithrombini, warfarini hushusha protini C na S. Vikipimwa wiki ya kwanza vinaweza kumpa mtu ugonjwa wa ukoo asio nao, akaubeba maisha yake yote na kuwatisha watoto wake.

Donge limeongezeka ingawa dawa inatumika

Uliza kwanza kwa upole kama dawa inamezwa kweli, kila siku, kwa dozi sahihi, na rivaroxabani ya miligramu 15 au 20 ikiwa pamoja na chakula. Kisha angalia dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini huharakisha ini kuondoa rivaroxabani, apiksabani na warfarini, na mgonjwa anabaki bila kinga akiamini anayo.

Ikiwa anatumia heparini, angalia chembe sahani. Kati ya siku ya 5 na ya 10, watu wachache hutengeneza kingamwili dhidi ya mchanganyiko wa heparini na protini iitwayo PF4. Chembe sahani hushuka, mara nyingi kwa zaidi ya nusu, na badala ya kuvuja damu mgonjwa anagandisha. Heparini yote isimamishwe mara moja, hata ile ya kusafishia kanula, na itumike dawa ya aina nyingine. Kuongeza dozi kwa kudhani haitoshi ni hatari kubwa.

Kwenye sindromu ya antifosfolipidi, hasa vipimo vyote vitatu vikiwa na kasoro, warfarini ndiyo inayopendekezwa, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ikiwa kati ya 2 na 3. Jaribio lililotangazwa mwaka 2018 lilisimamishwa mapema kwa sababu wagonjwa wa kundi hili waliopewa rivaroxabani walipata matukio mengi zaidi, mengi yakiwa kiharusi na shambulio la moyo.

Kwa Behçet hali ni tofauti kabisa. Ukuta wa vena wenyewe umewaka, na donge limeshikamana nao kwa nguvu. Tiba inayopunguza kurudi kwake ni ya kutuliza kinga ya mwili. Dawa ya kuzuia kuganda peke yake haitoshi.

Miezi imepita, mguu bado mzito

Dawa za kuzuia kuganda haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue, na mwili wenyewe hulivunja. Kazi hiyo hufanywa na seli zilezile za kinga: monosaiti huingia ndani ya donge, hula mabaki na kufungua vijia vipya. Ndiyo maana matibabu huchukua angalau miezi 3.

Lakini ukarabati huo huacha makovu, na vali huharibika. Kati ya watu 100 wenye donge la ndani la mguu, 20 hadi 50 hubaki na uzito, uvimbe wa jioni, ngozi kuwa nyeusi kuzunguka kifundo cha mguu, na wachache hupata vidonda. Soksi za kubana huwapunguzia wengi maumivu, ingawa jaribio kubwa la mwaka 2014 halikuonyesha kwamba zinazuia hali hiyo kutokea. Kutembea kunasaidia, tangu siku za mwanzo. Uvimbe ukiongezeka ghafla, usidhani ni makovu tu. Unahitaji altrasaundi mpya.

Je, ninywe dawa za kutuliza inflamesheni?

Swali ni la haki, na jibu ni la tahadhari. Ibuprofeni na diklofenaki ukizichanganya na dawa ya kuzuia kuganda huongeza hatari ya kuvuja damu, hasa tumboni. Steroidi za vidonge zimehusishwa na madonge zaidi, japo ni vigumu kuzitenganisha na ugonjwa zinaoutibu. Tofasitinibu, inayotuliza kinga kwenye baridi yabisi, imebainika kuongeza madonge kwa baadhi ya watu, kwa hiyo aliyewahi kuganda damu amkumbushe daktari kabla ya kuandikiwa.

Upande wa matumaini, jaribio la rosuvastatini, moja ya statini, dawa za kupunguza kolesteroli, lililowahusisha watu 17,802 wenye kipimo cha inflamesheni cha CRP kilichopanda kidogo lilionyesha mwaka 2009 kwamba waliotumia dawa hiyo walipata madonge 34 ya vena, dhidi ya 60 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hakuna anayeandikiwa statini kwa ajili ya donge tu, ila ni ushahidi unaostahili kufuatiliwa.

Kinachofanya kazi leo ni kutuliza ugonjwa wenyewe ulio chini ya donge: lupasi, baridi yabisi, utumbo, maambukizi. Na ukilazwa kwa sababu ugonjwa wa utumbo umechachamaa, uliza siku ya kwanza kama utapewa sindano ya kukinga damu isigande. Damu kidogo kwenye choo kwa kawaida haizuii sindano hiyo, lakini wahudumu wengi huiogopa na kuiacha, na swali lako linaweza kuwafanya waliangalie upya.